PLE: Hakuna divisheni ya kwanza hata moja, hedimasta ahamishwe. Sawa, lakini nani amesoma karatasi ya mlangoni?

#1 Mwanamlima

Wakuu, salamu kutoka mlimani huku Sebei, mashariki mwa Uganda. Jina la shule sitalitaja, la wilaya pia, kwa sababu bado nataka kuingia dukani kununua sukari bila watu kunyamaza ghafla.

Matokeo ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, yametoka. Watahiniwa wetu 38. Divisheni ya kwanza, hakuna. Ya pili 9, ya tatu 13, ya nne 8, U, yaani waliofeli, ni 7, na mmoja ana X, yaani hakutokea kabisa. Huyo tunamjua, yuko ng'ambo ya mto, Kenya, anachunga ng'ombe wa watu.

Kwa wasomaji wa nje ya Uganda: masomo ni manne, Hisabati, Kiingereza, Sayansi na SST (Maarifa ya Jamii). Aliye juu kabisa ana agrigeti (jumla ya alama za masomo yote) 4, wa chini kabisa 36, na divisheni ya kwanza inaishia 12.

Jumamosi tukawa na mkutano chini ya mparachichi. Ajenda zilikuwa tano, lakini hatukuvuka ya kwanza. Baba mmoja akasimama: "Serikali inaleta pesa, huyu anakula, aende!" Makofi. Nami ni mjumbe wa kamati ya shule, nikaomba kusema, nikaambiwa nikae. Ndiyo maana nimekuja kusemea hapa.

Pale mlangoni kwa ofisi kuna karatasi. Imebandikwa tangu Oktoba, jua limeigeuza njano na mbuzi wa mlinzi amekula kona moja. Lakini tarakimu zote zinasomeka. Wanafunzi 412. Kila mtoto wa UPE, mpango wa serikali wa elimu ya msingi bure, anatengewa shilingi 20,000 kwa MWAKA. Si kwa muhula, wala si kwa mwezi. Zidisha: 8,240,000. Gawa kwa mihula mitatu: kama 2,746,000. Hiyo ndiyo pesa ya shule nzima kwa muhula mzima, ukiacha mishahara ambayo hulipwa na serikali moja kwa moja.

Na hizo nazo hazitumiki ovyo. Mwongozo tuliorithi, ambao bado tunaufuata, unasema 35% iende kwenye vifaa vya kufundishia, 20% michezo na mengineyo, 15% uendeshaji, 10% ofisi, 20% dharura. Kwa hiyo katika ile 20,000 ya mtoto wako, ya kumfundishia hasa ni 7,000. Elfu saba, chaki humo, manila humo, karatasi za mtihani humo, mwaka mzima.

Yule baba aliyesimama ana mtoto mwingine kwenye bweni la binafsi mjini. Ada ya muhula ya mtoto huyo mmoja inakaribia robo ya pesa ambayo shule yetu inapata kwa watoto 412. Hilo hakulisema mkutanoni.

Lakini si hayo yaliyonileta. Alhamisi iliyotangulia nilikuwa shuleni tangu asubuhi, tulikuwa tunakagua bati lililong'olewa na upepo. Nikaingia P6, darasa la sita. Kwenye rejista wapo 64. Asubuhi nilihesabu vichwa 51. Saa 7 kengele ikalia, watoto wakatawanyika kwenda nyumbani "kula". Wengine nyumbani kwao ni kilomita tatu kupanda. Saa 8 na nusu nikarudi darasani. Nilihesabu 19. Kati ya hao 19, wengi hawakuwa wameondoka, walikuwa wamelala chini ya mti wakisubiri mchana upite. Mwalimu aliandika ubaoni, akageuka, akaniangalia, akaendelea kuandika.

Watu wanatafuta nani amekula pesa. Mimi nataka tujadili watoto ambao hawajala chochote.

#2 KibetiTupu

Kwa hiyo wewe ni wakili wa hedimasta. Amekulipa ngapi?

#3 Mwanamlima

Chai. Na haikuwa na maziwa.

#4 ChakiNyeupe

Mimi ni mwalimu, si wa shule hiyo, lakini shule hiyo ni kila shule. Acheni niseme ukweli wangu wote, wa kunipendeza na wa kuniaibisha.

Mshahara wa mwalimu wa msingi mwenye cheti cha Grade III uko chini kidogo ya laki tano. Mwaka 2022 wenzetu wa sayansi wa sekondari waliongezwa hadi wakazidi mara kadhaa, sisi wa msingi tukabaki tunapiga makofi. Wengine wetu tuliopo maeneo ya mbali tunapewa posho ya mazingira magumu, 30% ya mshahara. Kwa hiyo posho ya mazingira magumu ninayo. Posho ya kwenye sahani sina. (Watanzania, kwetu posho ndiyo ugali, msichanganyikiwe.)

Nikifika saa 1 na nusu asubuhi nimekunywa chai ya rangi. Saa 7 hakuna chakula cha mwalimu kwa sababu hakuna chakula cha mtu yeyote. Nina shamba la vitunguu. Unadhani Jumatano mchana, darasa likiwa na watoto 19 wanaosinzia, mimi niko wapi? Wakati mwingine niko darasani. Wakati mwingine niko kwenye vitunguu. Mkaguzi akija ananikuta au hanikuti, na akinikosa anaandika "utoro wa walimu", na ni kweli, ni utoro.

Sasa tazameni mtihani wenyewe unavyopangwa. Siku ya kwanza Hisabati asubuhi, SST mchana. Siku ya pili Sayansi asubuhi, Kiingereza mchana. Mtoto ambaye kwa miaka saba hajawahi kusoma chochote cha maana baada ya saa 7, siku hiyo ndiyo anakaa mchana saa mbili na robo anaandika insha kwa Kiingereza, lugha ambayo ameanza kufundishiwa P4. Linganisheni alama zao za asubuhi na za mchana halafu mniambie. Mimi kwa darasa langu nimelinganisha, nikafunga daftari.

Na jambo la kuchekesha: watoto wa huku mpakani wanabishana bei kwa Kiswahili safi tangu wana miaka sita. Baraza la mawaziri lilikubali mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe cha lazima shuleni. Kingekuwa kwenye PLE, D1, alama ya juu kabisa, zingejaa gunia.

#5 Mwanamlima

Mwalimu, ahsante kwa vitunguu. Si wengi wangesema.

#6 MamaGorogoro

Nimesoma mpaka mwisho. Mimi ni mzazi, tena nauza mahindi sokoni kila Jumatatu, jina langu mnaliona. Sasa na mimi nisikilizwe.

Miaka mitatu iliyopita shule ya watoto wangu ilituomba debe moja la mahindi kwa kila familia. Mimi nilipeleka debe langu, nimebeba mgongoni, mvua inanyesha. Wiki ya pili uji ukapikwa. Wiki ya tatu uji. Wiki ya nne mtoto anarudi ananiambia "Mama, leo hakuna." Kumbe kulikuwa na matanga ya mtu mkubwa hapo kijijini, mahindi ya stoo yakatolewa "kwa mkopo". Mkopo haujarudi mpaka leo. Hayo yaliyobaki yakaliwa na dumuzi, kwa sababu yalipokewa mabichi, hayakukauka vizuri. Mengine yakapata ukungu, na ninyi mnajua sumukuvu inavyoua. Muhula uliofuata wakaomba debe tena. Nani alipeleka? Hata mimi sikupeleka.

Kwa hiyo mnaposema wazazi hawataki kuchangia, ongezeni: wazazi walichangia wakaona. Sisi si wajinga. Mtu wa mlimani hatoi gunia lake mara mbili kwa yule yule aliyelipoteza.

Halafu hebu tuhesabu kwa lugha yangu. Uji wa mtoto mmoja, unga gramu 100 kwa siku. Muhula una siku kama 60 za masomo. Hizo ni kilo 6, yaani gorogoro tatu, ile mikebe yetu ya kupimia. GOROGORO TATU! Sisi ambao malori yanatoka hapa yakiwa yamejaa mpaka juu kwenda Kitale, Kenya, watoto wetu wamelala chini ya mti kwa ajili ya gorogoro tatu. Mimi mwenyewe naona haya kuandika.

#7 LC_Mstaafu

Mama umenena. Lakini wakubwa wangu, msisahau siasa. Mwaka 1997 tuliambiwa elimu ni bure. Bonna basome, yaani wote wasome. Mimi nilikuwepo, nilikuwa LC1, mwenyekiti wa kijiji, niliwaandika watoto wa kijiji kwa mkono wangu, mwanzoni wanne kwa kila familia, na nakumbuka furaha yake. Watoto yatima wakavaa sare. Hilo silitukani.

Lakini neno "bure" likaota mizizi. Kila baada ya miaka mitano mtu anasimama juu ya pikapu anasema: hedimasta akikuomba kitu, nipigie simu. Na wanampigia! Mwenzangu mmoja hedimasta aliomba gorogoro mbili za maharage, ofisi moja wilayani ikamwita ajieleze kwa nini anatoza ada katika shule ya UPE. Alirudi akafuta jiko kwenye ramani ya shule.

Sheria ya elimu ya 2008 inasema mambo mawili ambayo watu wanachukua moja na kuacha la pili. Moja: hairuhusiwi kutoza ada UPE. La pili: chakula cha mtoto, mavazi na matibabu ni jukumu la mzazi. Mchango wa hiari unaruhusiwa, ila mtoto asifukuzwe kwa kukosa kutoa. Ndiyo hivyo. Kwa hiyo serikali haimlishi, mzazi anasubiri serikali, na hedimasta akifungua mdomo anaitwa mwizi.

#8 KibetiTupu

Mzee, wewe ulipokuwa LC ulichangia nini?

#9 LC_Mstaafu

Miti ya kuni 14. Visiki vyake bado vipo, njoo uhesabu kijana.

#10 HesabuZaSerikali

Nimekaa na vitabu vya hesabu za halmashauri miaka mingi, sasa nimestaafu, niko Mbale nafuga kuku. Naomba niwarudishe nyuma kidogo kwa sababu hii kelele ya "amekula" ina historia, na haikuwa uongo.

Watafiti wa Benki ya Dunia walifuatilia ruzuku za shule za msingi Uganda za miaka ya 1991 hadi 1995, shilingi kwa shilingi, kutoka hazina mpaka darasani. Walikuta kwamba kwa wastani, katika kila shilingi 100 zilizotakiwa kufika shuleni kwa matumizi yasiyo ya mishahara, zilifika 13. Kumi na tatu. Nyingine zilibaki wilayani, na shule nyingi hazikujua hata kama pesa hizo zipo. Serikali ikaanza kutangaza kwenye magazeti na redio kila pesa inayotumwa, na shule zikaagizwa zibandike mlangoni kile zilichopokea. Hiyo karatasi ya Mwanamlima iliyoliwa na mbuzi ni mjukuu wa agizo lile. Kufikia 2001 shule zilikuwa zinapata zaidi ya 80 katika kila 100. Wapo wataalamu waliosema baadaye kuwa gazeti peke yake halikufanya muujiza, kulikuwa na mageuzi mengine ya fedha wakati ule ule, na mimi niliyekuwa ndani naafikiana nao. Lakini gazeti lilisaidia. Nimeona mtunza fedha akitetemeka kwa sababu ya ukurasa mmoja.

Siku hizi hazina inatuma moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Mianya imepungua, haijaisha. Ila tatizo limehama. Zamani sahani ilikuwa kubwa ikaliwa njiani. Leo sahani inafika, na ni ndogo. Watoto wa msingi waliruka kutoka kama milioni 3 mwaka 1996 hadi zaidi ya milioni 5 mwaka mmoja tu baadaye. Ruzuku ya mtoto ilikaa chini miaka na miaka, sabuni inapanda, chaki inapanda, yenyewe imekaa. Kupanda hadi 20,000 ni juzi juzi tu.

Sasa Mwanamlima, nina swali la kihasibu na usikasirike. Ruzuku inafuata vichwa. Vichwa vingi, pesa nyingi. Umesema 412. Umewahesabu mwenyewe, au umeisoma kwenye karatasi?

#11 Mwanamlima

Nimeisoma kwenye karatasi.

Nipe siku chache.

#12 Msafiri_wa_Suam

Wakati mwenzetu anahesabu, niongeze la ng'ambo. Mimi nilivuka mto nikiwa P5, nikasomea Kenya, na wengi wa rika langu tulifanya hivyo. Serikali ya Kenya inatenga shilingi 1,420 za kwao kwa kila mtoto wa msingi wa shule ya umma. Ukibadilisha ni kama 40,000 zetu, mara mbili. Kwa hiyo huku watu hudhani ng'ambo ni peponi.

Si peponi. Kule nako shule nyingi za kutwa mzazi analipia chakula cha mchana, na hiyo 1,420 huchelewa, walimu wakuu wanalalamika kila muhula. Tofauti niliyoiona mimi ni moja. Kule hakuna aliyewahi kuniambia chakula ni bure. Tulipanga foleni na sahani zetu, mama alikuwa amelipa kwa mahindi, mpishi alikuwa na daftari, jina lako lipo unakula. Asiye na mahindi alichota maji ya jikoni. Mimi nilichota maji muhula mzima mwaka ambao ng'ombe wetu walikufa, na nilikula kama wengine.

Ila msiwapeleke watoto ovyo. Kenya walishafuta mtihani wao wa darasa la nane, wa mwisho ulifanywa 2023, mtaala wao sasa ni mwingine kabisa. Mtoto akirudi huku P6 kufanya PLE anapotea. Nina mpwa wangu aliyepotea hivyo. Wasiorudi wanakuwa kama yule wenu wa X.

#13 BinYumbe

Salaam aleikum kutoka West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Jirani zenu wa Karamoja WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, imewapikia shuleni miaka mingi, na huku kwetu kwenye shule za makazi ya wakimbizi mashirika yamesaidia sana. Najua mtu atasema tuombe shirika. Ndugu zangu, shirika lina tarehe ya kuondoka. Shule moja huku ilipata jiko zuri la matofali na masufuria makubwa kama mtumbwi. Mradi ulipokwisha, masufuria yakabaki. Sasa yanakinga maji ya mvua.

Ninyi mna mahindi. Sisi wengi hatuna hata hayo.

#14 ChakiNyeupe

BinYumbe umetupiga kofi la kistaarabu.

#15 Mwanamlima

Nimerudi. Mzee HesabuZaSerikali, kaa vizuri.

Jumanne nilikwenda na mjumbe mwenzangu, tukaingia darasa moja moja, P1 mpaka P7, kwa siku moja, saa 3 asubuhi kabla hawajachoka. Tulihesabu 347. Tukarudia Alhamisi kwa sababu Jumanne kuna soko kijiji cha pili. Alhamisi 351.

Nikakaa na hedimasta. Nilidhani atanifukuza. Akatoa rejista, tukapitia jina kwa jina, ikatuchukua mpaka giza likaingia, tukamalizia kwa tochi ya simu. Wengine ni wagonjwa, wengine wanalinda shamba zisiingiwe na nyani, hao ni wa kwetu kabisa. Wengine wamevuka mto na majina yao yapo pande zote mbili. Wawili wameolewa, na mmoja wao alikuwa P5. Mmoja alifariki mwaka jana na hakuna aliyepata moyo wa kupiga mstari juu ya jina lake. Mwalimu wa darasa alikuwa akimwandika "hayupo" kila asubuhi.

Sasa msinirukie. Kibeti, nakuona. Ndiyo, tofauti ni vichwa kama 60, yaani kama shilingi 1,200,000 kwa mwaka. Nilimuuliza hedimasta waziwazi: hii umeila? Akanionyesha ilikokwenda. Kuna mwalimu wa watoto wadogo ambaye serikali haimlipi, analipwa kutoka humo. Kuna bati. Kuna safari za wilayani kwa boda kupeleka fomu, na mvua ikinyesha boda inakuwa mara mbili. Nimeona risiti za vingi, si vyote. Vile ambavyo sikuona risiti nimeviandika, na vitasomwa kwenye kamati mbele yake.

Tukisahihisha rejista, tunapoteza pesa ya yule mwalimu wa watoto wadogo. Tusiposahihisha, tunaendelea kudanganya. Nimeshindwa kulala kwa jambo hili, nawaambia kweli. Tumekubaliana kusahihisha kuanzia muhula ujao, na wa kwanza kuondolewa ni yule marehemu. Hedimasta alipiga mstari mwenyewe, kwa rula.

Ila piga hesabu hii pia. Gawa 8,240,000 kwa watoto 350 walio hai na wapo: ni kama 23,500 kwa mwaka, yaani nyongeza ya 3,500 tu kwa mtoto. Hata pesa ya vichwa hewa tukiirudisha yote kwa vichwa vyenye macho, bado hainunui uji wa muhula mmoja, ukiweka kusaga, kuni na mpishi. Kwa hiyo yule baba wa mkutanoni alikuwa sahihi kidogo, na bado amekosea sana.

#16 HesabuZaSerikali

Umefanya kazi ambayo wakaguzi watatu hulipwa kuifanya. Risiti zilizokosekana usizisamehe kwa sababu mlitumia tochi moja.

#17 KibetiTupu

Sawa. Kwa hili la kuhesabu nakuvulia kofia. La chai isiyo na maziwa bado siamini.

#18 MamaGorogoro

Mwanamlima, sisi wanawake wa soko tumekaa. Tumekubali uji, kwa masharti, na masharti hatujadili.

Kwanza, tunaanza na P6 na P7 peke yake. Mkitaka kulisha wote siku moja mtaanguka siku moja. Pili, mahindi yanapokelewa makavu. Nitayang'ata mwenyewe kwa jino, yakilia "kak" yanaingia, yasipolia yanarudi kwenye jua. Tatu, tunakusanya sasa wakati wa mavuno, tusingoje muhula wa pili wakati ghala ni tupu na debe limepanda. Nne, asiye na mahindi analeta kuni au anakoroga uji, na mtoto wake anakunywa kama wengine, hakuna kuulizwa mbele za watu. Tano, hakuna matanga. Afe nani, hakuna matanga. Sita, ufunguo wa stoo haukai ofisini.

#19 LC_Mstaafu

Na barua? Andikeni barua kwa wilaya kwamba ni hiari, mzazi aweke sahihi. Msiposema hiari mtaitwa.

#20 Mwanamlima

Imeandikwa, Mzee. Nakala tatu, moja wilayani, moja kwa kamati, moja mlangoni juu kidogo, mbuzi hafiki.

#21 Mwanamlima

Wiki sita baadaye. Najua mlidhani nimepotea.

Wazazi 57 wametoa gorogoro. Tisa wametoa kuni. Mmoja alileta maharage ingawa hakuombwa. Yule baba wa "aende" ameleta gunia zima, akalimwaga mbele ya watu wengi kadiri alivyoweza, na hatukumnyima sifa yake, mahindi yalikuwa makavu.

Wilayani tuliitwa. Tulikwenda na barua na sheria, Mzee LC akavaa koti. Tuliulizwa maswali saa nzima, tukaambiwa "endeleeni lakini kwa tahadhari". Sijui tahadhari ya uji ni ipi, labda usiwe wa moto sana.

Jana nilihesabu P6 tena, saa 8 na nusu. 46. Rejista sasa ina majina 53. Mwalimu alikuwa anafundisha sehemu za kumi, na nyuma kule mtoto mmoja alikuwa anabishana naye kwamba 0.5 haiwezi kuwa kubwa kuliko 0.25 kwa sababu ishirini na tano ni nyingi. Walibishana kweli kweli, darasa zima likaingia. Sijasikia kelele ya namna hiyo mchana katika shule yetu tangu nijiunge na kamati.

Divisheni za Januari sizijui. Tuna watoto wa P7 ambao hawasomi hadithi ya P2 bila kushikwa mkono, na uji hauwezi kurudisha miaka sita. Tena hawa ndio waliofungiwa nyumbani tangu Machi 2020 mpaka Januari 2022, wengine wakiwa bado madarasa ya chini. Hedimasta hajahamishwa. Kikao cha risiti kilikuwa kigumu, alirejesha laki moja na elfu themanini, na hatukupiga makofi wala hatukumtukana.

#22 ChakiNyeupe

Na walimu wanakunywa?

#23 MamaGorogoro

Mwalimu aliye darasani saa 8 anakunywa. Wa vitunguu anywe vitunguu.

#24 ChakiNyeupe

Nimekusikia, Mama.

#25 Mwanamlima

Mama, kesho Jumatatu uko sokoni. Nani atafungua stoo?

#26 MamaGorogoro

Ufunguo nimempa dada yangu. Ila mwambie mpishi sufuria la pili limetoboka, maji yanapita pembeni, na kuni za wiki hii ni mbichi.